Robo Kilo ya Mnofu

Baba yangu alikuwa mkata nyama katika hoteli moja ya Diani tangu kabla sijazaliwa, na alikuwa amefikisha miaka hamsini na minne alipoambiwa kazi imekwisha. Ilikuwa ule mwaka wa vurugu za Likoni na Ukunda, kabla ya uchaguzi. Watalii waliondoka kwa mabasi wiki ile ile, na waliokuwa bado hawajatoka kwao wakafuta safari. Hoteli ilikaa na wapishi, wahudumu na watunza bustani bila mgeni hata mmoja, kisha ikafunga jikoni. Baba alirudi nyumbani kwetu Mwabungo na visu vyake vitatu amevifunga ndani ya aproni, akaviweka juu ya kabati, akaomba maji ya kunywa.

Ni lazima nieleze tulivyokuwa tukila kabla ya hapo. Kazi ya baba ilikuwa kusafisha nyama. Paja zima la ng'ombe lilifika asubuhi, naye aliligawa msuli kwa msuli, akauvua kila mmoja utando wake mweupe na mafuta yake, mpaka kikabaki kipande chekundu kitupu cha kuwekwa mbele ya Wazungu. Yale mafuta na vipande vya pembeni hoteli haikuyataka. Wafanyakazi waligawana, na fungu kubwa lilikuwa la baba. Jioni alikuja nalo ndani ya mfuko wa plastiki, na mama aliyeyusha mafuta akayahifadhi katika kopo la maziwa ya unga. Hayo ndiyo tuliyokaangia vitunguu na mayai, hata mihogo. Vile vipande alivipika kwa tui zito la nazi mpaka mchuzi ukafanya macho ya mafuta juu. Jirani zetu walikula samaki na dagaa. Nyumba yetu ilinuka nyama, nasi watoto tulijiona watu wa juu. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba tunakula kilichokataliwa.

Miezi michache baada ya kuachishwa kazi, baba alianza kusimama njiani. Akitoka msikitini alishika ukuta wa nyumba ya jirani kwanza, akasema ni upepo tu tumboni. Ijumaa moja alikaa chini kabisa, kwenye mchanga, na watu wawili wakamleta nyumbani kwa baiskeli, mmoja akisukuma na mmoja akimshikilia mgongo. Kesho yake mama na mimi tulimpeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole, aliyetafuta maneno ya Kiswahili kabla ya kuyasema. Alimpima, akamwuliza anakula nini. Baba alimweleza yote bila kuficha, na kwa fahari kidogo. Daktari aliandika kwa muda mrefu. Kisha akatuambia kwamba moyo umechoka na presha iko juu sana, na kwamba dawa peke yake hazitatosha. Mafuta ya nyama yakome, nazi ikome, chumvi ipunguzwe. Ale samaki na mboga. Na akishindwa kabisa kuiacha nyama ya ng'ombe, basi iwe kidogo, na iwe ile nyekundu isiyo na mafuta.

"Unaijua hiyo, mzee?" aliuliza. "Ya paja. Mwambie mwenye bucha akutolee mafuta yote."

Baba alimtazama. "Naijua," akasema.

Mimi niliinamisha kichwa, na daktari hakujua kwa nini.

Nyumbani mama alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kama alivyofanya kila siku wakati ule wa mchana, lakini hakuwa na nazi mkononi.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemlisha sumu," alisema. "Miaka yote hii."

Nilimwambia daktari hakusema hivyo. Akanijibu kwamba daktari hakuwa na haja ya kusema. Tangu siku hiyo aliacha kumpikia baba. Hakugomba wala hakununa. Alipika chakula chetu sisi wengine kama kawaida, akaniachia jiko dogo la makaa na sufuria moja, akasema kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, nipike kama ilivyoandikwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifundisha watoto wa chekechea pale pale kijijini, na mshahara wangu, ambao zamani ulikuwa wa kununua sabuni na viatu vyangu, sasa ndio ulioendesha nyumba pamoja na mahamri ya mama. Nilikuwa na wadogo zangu wawili wa kike, mapacha, waliokuwa shule ya msingi. Nyumbani tulikuwa watano tu.

Baba hakutaka samaki. Alisema alikula samaki utotoni mpaka akaapa kwamba akipata kazi hatamtia tena kinywani. Nilimpikia samaki aina ya changu kwa ndimu na bila nazi. Alikula upande mmoja, akausukuma mwingine. Basi ikawa nyama, na kwa kuwa sikuweza zaidi, ikawa robo kilo, mara tatu kwa juma, ya kwake peke yake.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuichagua. Siku ya kwanza tulikwenda pamoja Ukunda, asubuhi, kabla mwenye bucha hajaanza kukata. Alikuwa mtu wa makamo kutoka pande za Kinango, na miaka yote alimwita baba "fundi". Baba alisimama mbele ya mguu wa nyuma ulioning'inia, akanionyesha kwa kidole bila kugusa. Ndani ya paja, alisema, kuna msuli mpana wenye nyuzi ndefu; huo ndio wako. Nyuma yake kuna mwingine wa mviringo, mnene kama mkono wa mtu mzima, nao ni mkavu, hauna kitu cheupe ndani. Sarara ni laini kuliko yote na haina mafuta mengi, lakini usiitafute, ina wenyewe. Kidari acha. Mbavu acha. Nundu usiitazame. Mafuta ya nje yasikutishe, kwa sababu kisu huyatoa. Ya kuogopwa ni yale yaliyopenya ndani ya nyama kama mizizi myeupe, maana hayo hayatoki, utampikia nayo. Na usidanganyike na nyama ya ng'ombe aliyekonda kwa njaa. Hiyo nayo haina mafuta, lakini ni nyeusi na ina majimaji, na ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki pale pale.

Kisha alimwomba mwenye bucha ruhusa, akapita nyuma ya meza, akatoa kisu alichokuja nacho kiunoni, akakata mwenyewe kipande changu. Sikuwa nimewahi kumwona kazini. Alipitisha kisu chini ya ule utando mweupe, akauvuta kwa mkono wa kushoto, ukatoka wote mzima, bila kuchukua hata uzi mmoja wa nyama. Watu waliokuwa wakingoja walisogea kutazama. Mmoja akamwuliza alijifunza wapi. Baba alikuwa akitweta tu. Alipomaliza ilimbidi akae juu ya gunia la makaa kwa muda, jasho likimtoka, na kisu amekishika bado.

Siku ile nilirudi nyumbani nikiamini tumeanza kupona.

Nilipika kwa bidii kama mtu anayefanya mtihani. Nyama niliikata vipande vidogo, nikaichemsha na nyanya, kitunguu na tangawizi, nikaiacha ipoe ili mafuta yoyote yaliyobaki yagande juu niyatoe kwa kijiko. Mara nyingi hapakuwa na cha kutoa. Wali nilimpikia kwa maji matupu. Baba alikuja mezani, akasema bismillahi, akala polepole akitazama sahani, na akimaliza alinishukuru. Hakulalamika hata mara moja. Ningependa angelalamika.

Ikaja ile mvua kubwa ya mwisho wa mwaka, iliyonyesha mpaka tukasahau jua. Barabara ya Kinango ilikatika, ng'ombe hawakufika, na bucha ikawa na nyama siku mbili kwa juma, tena mbaya. Nilisimama mbele ya ile nyama nyeusi yenye majimaji nikaibonyeza kwa kidole, na mwenye bucha akaona haya, akasema, "Mwanangu, leo usichukue. Fundi akiiona atanicheka." Nilitembea mpaka Diani kutafuta kwa wengine, nikarudi nimelowa, na robo kilo yangu ndani ya gazeti. Nilikuwa najivunia jambo hilo. Nilihesabu kwamba hata siku moja ya nyama baba hajaikosa.

Lakini alikuwa anakonda. Shati zake za kazi zilimning'inia mabegani. Kila Jumatatu alivaa mojawapo, akaenda kwa miguu mpaka lango la hoteli yake, akamsalimu mlinzi, akauliza kama kuna habari. Hapakuwa na habari. Alirudi saa sita mchana, akalala. Nilimwambia mama kwamba kukonda ni kuzuri, ndivyo daktari alivyotaka. Mama alikuwa akisukuma mahamri. Alisema kwamba yeye anajua mtu aliyepungua na mtu anayeisha, na akaendelea kusukuma.

Mwaka uliofuata, karibu na mfungo, nilikwenda bucha siku ambayo haikuwa yangu, kwa sababu mwalimu mwenzangu aliniomba nimchagulie nyama ya mgeni wake. Mwenye bucha alinisalimu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akakipangusa kisu chake mara mbili. Mwisho akaniambia kwamba ana jambo na hajui kama ni lake kulisema. Baba yangu, alisema, huja pale karibu kila siku, adhuhuri, mimi nikiwa darasani. Huomba mafuta, yale yanayokatwa na kutupwa, na kipande cha nundu kikiwapo. Yeye mwenye bucha hamtozi pesa. Atamtozaje mtu kama yule? Huchomewa pale nyuma, hula, hunawa mikono kwa ndimu, huondoka.

"Mimi nilidhani nyumbani mnajua," alisema.

Siku iliyofuata niliwaachia walimu wenzangu watoto, nikaenda. Nyuma ya bucha palikuwa na banda la makuti na jiko la kuchomea nyama, na baba alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, peke yake, amenipa ubavu. Mbele yake palikuwa na ubao, na juu ya ubao nundu, imekatwa vipande na kunyunyizwa chumvi. Mafuta yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Aliponiona hakuficha kitu.

"Kaa," alisema.

Sikukaa. Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu mvua ilipokatika. Nilimwuliza kama alijua mimi natembea mpaka wapi kumtafutia ile nyama, na kama alijua wale mapacha wanakula nini siku anazokula yeye. Alisema anajua yote mawili.

"Nyama unayoniletea ni nzuri," baba alisema. "Mkono wako ni mzuri, hata mimi nisingechagua zaidi. Lakini kila nikiila nakumbuka kwamba nangoja kufa. Hapa nasahau kidogo."

Leo nikiyawaza maneno yale naona alikuwa akiniomba kitu, pengine niketi tu. Siku ile niliyasikia kama dharau.

"Basi kula," nilimwambia. "Kula mpaka ushibe. Mimi sitakununulia tena."

Niliondoka. Sikusema naye siku nane. Nilimwamkia asubuhi kama inavyopasa, akaitikia, na huo ukawa ndio mwisho. Sikununua robo kilo. Alikula walichokula wengine, maharagwe na sima, na mama, ambaye hakuuliza kilichotokea, alianza kumtilia tui kidogo kwenye maharagwe. Sikumzuia. Sijui kama baba alikwenda tena bucha siku hizo. Sikuuliza, na mwenye bucha baadaye alisema hakumbuki.

Siku ya tisa, baada ya sala ya alfajiri, alijaribu kuvaa kiatu akashindwa. Nilimsikia mama akimwita mara mbili. Nilipofika chumbani mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja na mkono wa kulia, ule wa kisu, ulikuwa umelala juu ya godoro kama si wake. Alikuwa macho. Alinitazama, akatoa sauti, lakini halikuwa neno.

Hospitali walimlaza majuma mawili. Daktari yule wa kwanza alikuwa amehamishwa, na aliyekuwapo alituambia kiharusi hakina haraka ya kupona, twende naye nyumbani tumtunze. Nilimwuliza kama ni kwa sababu ya mafuta. Alisema yanaweza kuwa yamechangia, na presha, na dawa ambazo pengine hakuzimeza zote, na fikira. Nilimwuliza ipi hasa. Akasema, "Dada, hilo hakuna atakayekwambia."

Nikarudi bucha. Nilichagua msuli ule wa mviringo, mkavu, nikautoa utando wote kwa kisu cha baba, nikausaga kwa kuukatakata juu ya ubao mpaka ukawa kama uji, nikauchemsha, nikauchuja, nikamlisha kwa kijiko. Nusu ilirudi kwa pembe ya mdomo. Nilifuta, nikarudia. Kwa miezi kumi na moja nilifanya hivyo, mara tatu kwa juma, na siku nyingine uji wa wimbi. Nilikuwa nimeijua nyama sasa kiasi kwamba mwenye bucha aliniacha nipite nyuma ya meza bila kuomba. Wanawake wengine waliniomba niwachagulie ya watoto, ya wazee, ya mwenye kisukari. Niliwachagulia. Waliniombea dua.

Baba hakupata tena kusema. Nilijaribu kumwomba radhi. Nilimwambia nikiwa namlisha, kwa sauti ndogo mapacha wasisikie, kwamba sikukusudia nililolisema pale nyuma ya bucha. Alikuwa akinitazama, lakini alikuwa akitazama kila kitu vivyo hivyo, paka, dirisha, kijiko. Nilimwomba, kama ananisamehe, afumbe macho. Akayafumba. Kisha akayafumbua, akayafumba tena, kama mtu anayesinzia. Nikaendelea kumlisha.

Mama alitaka kumtia tui la nazi kwenye ule mchuzi. Alinisihi karibu kila juma. Alisema mtu hawezi kutoka duniani na ladha ya maji mdomoni. Nilikataa kwa muda mrefu, nikitaja dawa na daktari na presha. Mwishowe, katika mwezi wa kumi wa kumlisha, nilichoka, nikamwachia. Alikuna nazi mbili, akachuja tui la kwanza, akapika ile nyama kama alivyoipika zamani, na hiliki. Nyumba nzima ikanukia. Mapacha walikuja wakasimama mlangoni. Mama alikaa kitandani, akamwinua kichwa, akamtia kijiko cha kwanza.

Baba alikitema. Mama akafuta, akamtia cha pili, na hicho pia kikatoka chote. Hatukujua kama hakukipenda au koo lilikuwa limekataa kumeza. Alijaribu mara tano au sita. Kisha akaweka bakuli chini, akakaa na kijiko mkononi. Mapacha ndio waliokula kile chakula, jikoni.

Alifariki juma la tatu baada ya hapo, asubuhi, nikiwa darasani. Alizikwa alasiri siku ile ile. Wenzake wa hotelini walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, karibu wote bado hawana kazi, na mmoja wao alinieleza kwa dakika nyingi jinsi baba alivyoweza kuvua utando wa paja kwa mkono mmoja. Mwenye bucha alileta mguu mzima wa nyuma kwa ajili ya khitma, hakutaka kulipwa.

Miaka imepita mingi. Mama aliamini, na hakuacha kuamini, kwamba nilimnyima baba chakula mpaka moyo ukakata tamaa. Hakuwahi kulisema kwa maneno hayo. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunachambua mchicha uani, kwamba mwanamume yule alikula kwa furaha miaka yake yote, akaja kufa akila maji. Mimi huamini kwamba ni mafuta, yale ya kopo la maziwa ya unga na yale ya nyuma ya bucha. Siku nyingine huamini kwamba ni zile siku nane. Nilitaka kumwambia mama habari za ile nundu, ajue kwamba baba alikuwa amekula alichokipenda, pengine ingempunguzia. Lakini ningelazimika kumwambia pia nililomwambia baba siku ile. Sikusema. Nilimaliza kuchambua mchicha, nikaenda kuuosha.